Yasiyoonwa na Jicho

Watu wengi hudhani kwamba picha ni kitu kimoja na jicho ni kitu kingine. Picha iko mezani au katika kioo cha simu, na jicho liko mbele yake kuipokea. Dhana hii yatosha kwa matumizi ya kila siku, lakini haizitoshi picha za kidijitali, ambazo siku hizi ndizo karibu picha zote. Picha ya namna hii haikutengenezwa kwanza kisha ikaonyeshwa jicho. Jicho lilipimwa kwanza. Nguvu zake na udhaifu wake vikaandikwa katika majedwali ya hesabu. Kisha picha ikakatwa kwa kipimo hicho, kama fundi akatavyo kanzu kwa kipimo cha mwili wa mteja wake. Kilichozidi kipimo kikatupwa. Kwa hiyo ndani ya kila picha itumwayo kwa simu mna habari mbili: habari ya kitu kilichopigwa picha, na habari ya jicho lililokusudiwa kukitazama.

Jambo hili lastahili kujulikana hata kwa ajili ya kustaajabu tu. Lakini kwa wapenzi wa Kiswahili lina uzito mwingine. Hati za kale za mashairi na tenzi, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zinahamishwa kutoka katika karatasi na kuingizwa katika picha. Na katika herufi hizo nukta moja yatosha kutenga neno na neno. Yapasa kuuliza, basi, mashine itupayo yale yasiyoonwa na jicho hutupa nini. Na jicho lililofanywa kipimo lilikuwa likitazama nini wakati lilipopimwa.

Kulifikiri jicho ni kazi ya zamani. Wako Wayunani walioamini kwamba jicho hutoa miali yake na kuvipapasa vitu, kama mkono wa kipofu upapasavyo ukuta. Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo karibu mwaka 1040, aliikataa imani hiyo katika Kitab al-Manazir. Alionyesha kwamba nuru hutoka katika kitu ikaingia jichoni. Akaongeza neno lenye thamani kubwa kwa habari hii, kwamba kuona hakuishi pale nuru iingiapo. Nyuma ya kuona iko hukumu ya akili, nayo hupita upesi hata mwenye kuona asijue kwamba amehukumu. Neno hilo limechukua karne nyingi kufahamika kwa ukamilifu, na baadhi ya wahandisi wa leo wangefaidika kulisoma tena.

Nyuma ya jicho umetandazwa utando mwembamba uitwao retina, na ndani yake zimo seli zipokeazo nuru. Zenye umbo la fimbo ni kama milioni 120. Hizo hufanya kazi gizani, na hazijui rangi. Zenye umbo la pia ni kama milioni 6. Hizo hutaka nuru ya kutosha, na ndizo zitambuazo rangi. Lakini neva itokayo jichoni kwenda katika ubongo ina nyuzi kama milioni moja tu. Hesabu hii peke yake yatangaza siri kubwa. Seli milioni 126 zasema, na njia za kupitisha maneno yao ni milioni moja. Hapana budi maneno yapunguzwe mlangoni. Kabla mashine yoyote haijabuniwa kubana picha, jicho lilikuwa likizibana.

Lazibanaje? Halipeleki kiasi cha nuru kama kilivyo, lapeleka tofauti. Seli iliyozungukwa na nuru sawa na yake haina jipya la kusema, nayo hunong'ona. Iliyo mpakani mwa weupe na weusi hupaza sauti. Ernst Mach alieleza mwaka 1865 kwamba pale kivuli kianziapo na pale kiishiapo mtu huona mistari miwili, mmoja wenye mng'aro zaidi na mmoja wenye weusi zaidi, ambayo haimo katika nuru yenyewe. Jicho limeitia tofauti chumvi ili isipotee njiani. Tena kuna mahali katika retina, pale neva itokapo, pasipo na seli hata moja. Mfaransa Edme Mariotte alipagundua katika miaka ya 1660. Kila jicho lina doa hilo pofu, na hapana mtu atembeaye akiona tundu katika dunia. Akili huliziba pengo kwa kukisia kile kilicho kando yake, wala haimwarifu mwenyewe kwamba imekisia. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana litahitajika baadaye.

Mshumaa mmoja ukiwashwa katika chumba cha giza hubadili kila kitu. Ukiwashwa uani saa sita mchana hapana aujuaye. Gustav Fechner, akiendeleza majaribio ya Ernst Heinrich Weber, aliweka jambo hilo katika kanuni ya hesabu katika kitabu alichotoa mwaka 1860: hisia hufuata uwiano wa ongezeko, haifuati ongezeko lenyewe. Kanuni hiyo imo leo katika kila simu. Picha nyingi huandika kiasi cha kila rangi kwa namba moja kati ya 256, kuanzia 0 hadi 255. Namba hizo zingaligawanywa sawasawa kwa kiasi cha nuru, sehemu za giza zingalionekana ngazi ngazi kama kilima cha matuta, na sehemu za mwangaza zingalipewa namba nyingi zisizotofautishwa na mtu yeyote. Kwa hiyo giza limepewa namba nyingi zaidi kuliko haki yake ya hesabu, kwa sababu ndiko jicho liliko hodari.

Ama habari ya rangi, hiyo ni ndefu, na hapa yatosha kuigusa. James Clerk Maxwell alionyesha London mwaka 1861 picha ya utepe wa kitambaa cha mirabaraba cha Kiskoti, iliyopatikana kwa kupiga picha tatu kupitia vichujio vya rangi tatu na kuziangazia pamoja juu ya kitambaa kimoja. Rangi tatu zilitosha kwa kuwa seli zenye umbo la pia ni aina tatu. Katika miaka ya 1920, W. D. Wright na John Guild, kila mmoja kwa majaribio yake huko Uingereza, waliwaketisha watu mbele ya chombo na kuwataka walinganishe rangi moja na mchanganyiko wa rangi tatu. Wright alikuwa na watazamaji 10, na Guild 7. Kutokana na macho ya watu hao 17 lilitungwa jedwali la mwaka 1931, likapewa jina la Mtazamaji wa Kawaida, na mpaka leo vioo vya simu na mashine za kuchapa hupimwa kwalo au kwa majedwali yaliyozaliwa nalo.

Watu 17, na wote wa nchi moja! Mtu aweza kukasirika. Lakini hasira hiyo haipigi mahali pake. Jedwali lile limefanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka 90 katika nchi za kila namna, maana katika kulinganisha rangi macho ya wanadamu yenye afya hukaribiana sana. Kama iko ila katika kipimo hiki, haiko katika nchi ya watazamaji. Iko katika kazi waliyopewa. Waliambiwa walinganishe madoa ya nuru. Hawakupewa kitu cha kusoma.

Jicho lina udhaifu mmoja ambao umewafaa wahandisi kuliko mwingine wowote: laona mipaka ya mwangaza kwa ukali, lakini mipaka ya rangi laiona kwa uvivu. Mchoraji hulijua jambo hili. Apakaye rangi ya maji juu ya mchoro wa wino aweza kuivusha mstari kidogo, na picha isiharibike, kwa kuwa jicho hushika wino na kuisamehe rangi. Georges Valensi wa Ufaransa alipata hataza mwaka 1938 kwa wazo la kupeleka mwangaza wa picha ya televisheni katika njia moja na rangi katika njia nyingine. Mwaka 1953 Marekani ilikubali kanuni ya televisheni ya rangi iliyojengwa juu ya wazo la namna hiyo. Mwangaza ulipewa nafasi ya megahezi kama 4.2, sehemu moja ya rangi ikapewa kama 1.3, na nyingine nusu megahezi tu. Hapana mtazamaji aliyelalamika kwamba rangi imefifishwa kiasi hicho. Aliyekuwa na mashine ya zamani ya weupe na weusi aliupokea mwangaza na kuiacha rangi ipite, naye hakulazimika kununua mashine mpya. Unguja, iliyotangulia jirani zake kuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitumia kanuni ya PAL, nayo pia yaibana rangi kuliko mwangaza. Watu waliokusanyika jioni kutazama hawakujua kwamba wanapunjwa, na hawakupungukiwa na kitu.

Katika kuupata mwangaza huo rangi hazikupewa kura sawa. Kijani huchukua sehemu 0.587, nyekundu 0.299, na buluu 0.114 tu, kwa sababu jicho huiona kijani kuwa na nuru nyingi kuliko hizo nyingine. Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza yake mwaka 1976, alifuata njia hiyo alipopanga vichujio juu ya chombo cha kamera: katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja buluu. Kamera nyingi za simu bado hutumia mpango huo au ndugu zake. Hivyo mizani imeelemea upande wa jicho tangu nuru iingiapo katika kamera, kabla hesabu yoyote ya kubana haijaanza.

Sasa yafaa kuitazama hesabu yenyewe, ile iitwayo JPEG, ambayo kamati ya wataalamu ilianza kuishughulikia mwaka 1986 na kuitoa mwaka 1992. Kwanza picha hutengwa kuwa mwangaza na rangi, kama katika televisheni. Kisha, aghalabu, katika kila pikseli nne mwangaza huandikwa mara nne lakini kila moja ya sehemu mbili za rangi huandikwa mara moja tu. Namba 12 zimekuwa 6; nusu ya picha imetupwa, na jicho halijasema neno.

Hatua ya pili ni ya werevu zaidi. Picha hukatwa katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, yaani pikseli 64. Badala ya kuandika mwangaza wa kila pikseli, mashine huuandika kila mraba kama jumla ya ruwaza 64: ya kwanza ni wastani wa mraba wote, zinazofuata ni mistari mipana, kisha membamba, kisha membamba zaidi, hata kufikia mirabaraba midogo kabisa kama ya ubao wa drafti. Njia hiyo ya hesabu ilitolewa na Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, katika makala ya mwaka 1974. Peke yake haitupi kitu. Yapanga tu vitu, vikubwa upande huu na vidogo upande ule, kama muuza dagaa apangavyo mafungu yake.

Kutupa huja baadaye, na hapo ndipo jicho hualikwa tena. Fergus Campbell na John Robson walichapisha mwaka 1968 majaribio yao juu ya kuona mistari. Mtu na afikiri kikoi chenye mistari myeupe na ya kijivu. Mistari ikiwa na upana wa kadiri, jicho huiona hata tofauti yake ikiwa ndogo sana. Ikiwa membamba mno, hupotea na kuwa rangi moja. Na ikiwa mipana mno, tofauti ndogo hupotea pia. Jicho huwa hodari kabisa pale jozi za mistari zifikapo kama 3 hadi 5 katika digrii moja, ambayo ni karibu upana wa kidole cha mwisho mkono ukiwa umenyoshwa. Wenye kutunga JPEG waliutumia ujuzi wa namna hii kutengeneza jedwali la namba 64 za kugawia, moja kwa kila ruwaza. Katika mfano uliochapishwa pamoja na kanuni, wastani wa mraba hugawanywa kwa 16, na ile ruwaza ndogo kabisa ya pembeni hugawanywa kwa 99. Jibu hukaribishwa katika namba kamili iliyo karibu. Kitu kidogo kikigawanywa kwa 99 aghalabu huwa sifuri, na sifuri haina gharama ya kuhifadhiwa. Jedwali la rangi ni kali zaidi: sehemu yake kubwa ni 99 tupu.

Kuliita jambo hili udanganyifu ni kulionea. Picha ya pikseli milioni 12 ingalihitaji baiti milioni 36. Kwa njia hii aghalabu hupungua hata sehemu moja ya kumi au chini yake, na mama aliyeko Tanga amwona mjukuu wake aliyezaliwa Muscat kabla siku haijakwisha. Uso wa mtoto ni kitu cha vivuli laini na mipito ya polepole. Kilichotupwa hakikuwa katika uso huo, au kama kilikuwamo, mama hakukihitaji ili amjue mjukuu wake. Hesabu imetimiza ahadi yake.

Lakini karatasi iliyoandikwa si uso wa mtoto. Maandishi ni mipaka mitupu: weusi na weupe vimekutana ghafula pasipo kivuli cha kuvipatanisha, na mipaka mikali huhitaji ruwaza zile ndogo ambazo jedwali limezigawa kwa namba kubwa. Zikikatwa, mambo mawili hutukia. Kwanza, kidogo kilichosimama peke yake hufifia. Pili, na hili ndilo baya zaidi, pembeni mwa kila mstari wa wino huzuka vumbi la madoadoa hafifu ambayo hayakuwamo katika karatasi, kwa sababu ruwaza zilizobaki hazina tena wenzake wa kuzifuta pale zisipotakiwa. Mashine imeondoa chembe za kweli na kuleta chembe za uongo katika mraba ule ule.

Kwa maandishi ya Kilatini hasara hii huvumilika. Kwa hati za Kiswahili za zamani huwa jambo la kufa na kupona kwa neno. Katika herufi za Kiarabu, be, te, the, nuni na ye, zinapoanza neno au kuwa katikati, zote ni kijino kimoja kilichoinuka juu ya mstari. Nukta ndizo ziitengazo moja na nyingine. Nukta moja chini ni be, moja juu ni nuni, mbili juu ni te, mbili chini ni ye, tatu juu ni the. Waandishi wengi wa zamani walitumia be kwa b, kwa p na kwa mb pia, wala hawakuandika nuni mbele ya dali. Na e na i zilikuwa na alama moja, kasiri. Matokeo yake ni kwamba maneno penda, tenda na nenda huandikwa kwa umbo lile lile: kijino, kasiri, dali. Nukta moja chini, mshairi anapenda. Nukta mbili juu, anatenda. Nukta moja juu, anakwenda zake. Beti nzima yategemea chembe ya wino isiyofika milimita.

Yafaa kuipiga hesabu. Ukurasa wenye upana wa sentimita 20 ukipunguzwa hata kuwa na pikseli 1,000 kwa upana, kila milimita yapata pikseli 5, na nukta ya nusu milimita yapata mbili na nusu. Mraba wa JPEG, wenye pikseli 8, huchukua zaidi kidogo ya milimita moja na nusu. Kijino, nukta yake na kasiri yake huweza kuangukia katika mraba mmoja na kupimwa kwa jedwali moja, pamoja na madoa ya mende na kutu ya karatasi. Na picha hupunguzwa kweli. Mwenye hati iliyorithiwa hupiga picha kwa simu na kumpelekea jamaa yake; programu ya ujumbe huipunguza na kuibana; jamaa huipeleka kwa mwalimu, nayo hubanwa tena; mwalimu huiweka katika waraka kwa wanafunzi, na mara nyingi hubanwa mara ya tatu. Kila mkono umetenda wema, na kila mkono umechukua kidogo.

Mwanafunzi apokeaye picha hiyo haoni kwamba amepungukiwa. Hapo ndipo lile doa pofu lirudipo. Akili yake, ikikuta kijino chenye ukungu chini na ukungu juu, huchagua neno ililotazamia kulikuta, na humpa neno hilo kana kwamba limeandikwa. Akizoea mashairi ya mapenzi atasoma penda. Akizoea mawaidha atasoma tenda. Anaweza kuapa kwamba ameiona nukta, na kiapo chake kitakuwa cha kweli kwa namna alivyoona. Hati ambayo kwa asili yake humdai msomaji akisie irabu na konsonanti kadha sasa humdai akisie hata nukta, pasipo kumwambia kwamba deni limeongezeka.

Mashine nazo hukisia. Mwezi wa Agosti mwaka 2013, David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, aliuonyesha ulimwengu kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kunakili hati zilikuwa zikibadili namba. Ramani ya nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, kila kimoja na eneo lake. Katika nakala vyote vitatu viliandikwa mita za mraba 14.13. Namna ya kubana iliyotumiwa, JBIG2, huweza kuyaona maumbo mawili yakifanana, ikahifadhi moja na kulipiga mhuri mahali pa la pili. Namba 6 ikawa 8. Wala haikuwa na ukungu. Ilikuwa nyeusi, safi, yenye kupendeza, na ya uongo. Kampuni ilitoa programu ya kusahihisha kosa hilo. Picha yenye ukungu angalau yamtahadharisha mwenye macho. Hii haikumtahadharisha mtu.

Rangi nayo ina kesi yake. Katika baadhi ya hati waandishi walitumia wino mwekundu kwa vituo, vichwa na mapambo, na ule mweusi kwa maneno. Pikseli nne zikigawana rangi moja, wekundu humwagika kando ya mipaka yake, na kituo chembamba kilichotenga kipande na kipande huwa doa la kahawia katika karatasi ya kahawia. Kwa mtazamaji wa televisheni hasara hii haikuwa kitu. Kwa atafutaye mahali mizani iishapo ni hasara ya dhahiri, na ajabu yake ni kwamba ni hasara ile ile.

Hati zinazohusika si chache wala si ndogo. Zile zilizokusanywa Mombasa na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, zimo katika SOAS huko London. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wake. Nakala ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya 1141 Hijria, yaani 1728, iko Hamburg. Maktaba zenye desturi njema huhifadhi picha ya asili katika namna isiyotupa kitu, kama vile TIFF, na kutoa nakala ndogo ya JPEG kwa kutazamwa. Desturi hiyo ni nzuri, ila yatimia nusu tu endapo msomaji hapewi ila ile ndogo na wala hakuambiwa kwamba iko kubwa. Na zile hati zilizomo majumbani Lamu, Pate, Mombasa na Unguja hazina maktaba ya kuzilinda. Picha ya simu huweza kuwa ndiyo pekee itakayobaki siku mchwa watakapomaliza kazi yao. Kumfundisha kijana apige picha mchana, karibu na dirisha, ukurasa ukijaza kioo, na kuituma kama faili badala ya kuituma kama picha ili programu isiibane, hakugharimu kitu. Chuo chochote chenye somo la fasihi ya kale chaweza kulifanya mwaka huu.

Iko pia njia iliyo kinyume, ya kuiacha mashine ione yasiyoonwa na jicho badala ya kuyatupa. Kitabu kimoja cha ngozi, kilichoandikwa kazi za Archimedes katika karne ya 10, kilifutwa na kuandikwa sala juu yake mwaka 1229. Tangu mwaka 1999 wataalamu walikishughulikia kwa miaka mingi katika jumba la sanaa la Walters huko Baltimore. Walikiangaza kwa nuru za namna nyingi, pamoja na ile iliyo nje ya zambarau ambayo mtu hawezi kuiona, na kamera ikapokea tofauti ya wino wa zamani ambayo jicho lilikuwa limeikosa. Hapo palikuwa na tatizo jingine: namba zilikuwapo, lakini hapana awezaye kusoma namba. Wakazichanganya upya katika rangi zinazoonekana, maandishi ya sala yakabaki ya kijivu, na ya Archimedes yakatokea mekundu. Wekundu huo haukuwamo katika ngozi ile. Ulitiwa ili mwanachuoni, akiketi mbele yake, aweze kutenga mstari na mstari kwa macho yake mwenyewe.